Vimelea Katika Shamba la Kahawa

Nyeri, Jumanne

Familia tisa zitatolewa shambani Alhamisi, mkuu wa tarafa alitangaza leo barazani Mukurweini. Aliziita vimelea.

Asubuhi bwana shamba alilitumia neno hilo kwa ukungu wa majani ya kahawa: kiumbe kinachomla mwenzake bila kumrudishia kitu. Hospitalini ni minyoo. Barazani kimelea alikuwa Mama Wangari, mjane wa mojawapo ya familia hizo tisa, aliyeipanda kahawa hiyo kabla ya Uhuru.

Alisimama. "Mkubwa, hii kahawa ni mimi nilipanda. Ati sasa mimi ni mnyoo?"

Mkuu wa tarafa alicheka, na wazee wa mstari wa mbele wakamfuata. Kinyaa hakijanitoka.

Mhariri wangu analitaka neno "vimelea" kwenye kichwa cha habari. Nimekataa. Naogopa ataliweka tu.

Askari watafika Alhamisi saa moja asubuhi. Nitakuwa mlangoni pa Wangari kabla yao.