Kamba Zilizo Nje ya Hema

Nyumbani, nyuma ya karakana ya maturubai,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko hilo shanta lako linavyoweza kubeba. U mzima? Malengelenge ya miguu yamepona? Na kula, unakula ukashiba au unaudanganya tu tumbo? Sisi huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua kidogo, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, kisha nikampa kaka yako aisome kwa sauti pale mlangoni, majirani nao wafaidi. Mtaa mzima huu, nani ana binti aliyetembea kama wewe? Mwenye duka alianza kujisifu kwamba mwanawe kahamia mtaa wa pili. Nikamwambia, "Dada, wangu analala chini ya nyota, ndani ya hema nililoshona kwa mikono hii." Akajifanya anapanga sabuni.

Ndiyo maana hiyo habari ya upepo imenichoma. Kumbe mlango wa hema ulifunguka ukawa unapigapiga, nawe uko ndani huna pa kuukamatia, mpaka yule mama wa hema la jirani akaja kukufungia kwa nje! Na asubuhi ukamngoja aje akufungue, kama mzigo! Nilicheka, halafu kicheko kikakatika.

Kamba niliziweka nje, mwanangu. Miaka yote nashona maturubai ya malori, na mzigo haujifungi wenyewe. Mkono ulikwenda ulikozoea. Hata fundi mkuu alilikagua hema asione kitu, akabaki kusifu mshono. Na mshono haukuvuja hata tone, umeandika mwenyewe. Hapo nimemsomea fundi mara mbili.

Sasa unauliza uendelee na hema au ulale kwenye hizo hosteli za vitanda vya juu na chini. Kaka yako anasema hema ni bure, ukilala humo utaumaliza mzunguko wote uliopanga, lakini hosteli zitakula akiba yako utageuza njiani. Baba yako anasema hosteli ina mlango wa ufunguo na maji ya moto. Mimi nilinyamaza. "Mama, leo unaumwa?" kaka yako akauliza. Siumwi. Nilikuwa nawaza tu: ukigeuza njiani, utageukia wapi kama si huku?

Basi lala hosteli. Wewe na maneno yako mengi, huko porini unaongea na nani? Chagua chumba cha wasichana, kitanda cha chini, na kufuli lako usimwazime mtu. Wa juu akikoroma, mvumilie. Baba yako alishakuzoesha.

Ila nisikufiche. Kila jioni nashusha chandarua cha kitanda chako, nakichomekea chini ya godoro pande zote, ndipo nakumbuka hamna mtu ndani. Tangu mdogo ni mimi niliyekufungia kwa nje, nawe unapiga kelele kwamba nimekuachia mbu mmoja. Siku hizi hakuna anayenilalamikia.

Umesema hema linakulemea, ungependa kulituma kwa basi. Usilitume. Likija peke yake nitalifanyia nini? Libebe hivyo hivyo, ulilete wewe. Kamba nitazihamishia ndani, lakini lazima uingie mwenyewe, nipime mkono wako unafika wapi.

Baba yako anakusalimu, kaka yako pia, na shangazi yako anasema usisahau kupaka mafuta visigino. Mungu akulinde barabarani, na kila utakapolala akupe jirani mwema kama yule mama. Ukimwona tena, mwambie namshukuru.

Ni mimi mama yako, nikupendaye kuliko wote wanaosema wanakupenda.