Fayawoli Ilianguka, Nikamsingizia Mtu wa Jenereta

Mpendwa Mama Bilha,

Ejok, kama tunavyosalimiana Turkana. Naomba msaada wako, na tafadhali usilisome jina langu redioni, Kakuma si kubwa. Mimi ni fundi wa kompyuta katika shirika moja hapa kambini, na shida yangu ni fayawoli, yaani ule mlango wa ulinzi ambao intaneti yote ya ofisi lazima ipitie, kwa sababu fayawoli yetu si kifaa cha kushikika, ni kompyuta pepe, iliyoundwa kwa programu tu, imo ndani ya seva moja pamoja na kompyuta pepe nyingine tatu, zote zinagawana memori ya seva hiyo kama wapangaji wanaogawana tangi moja la maji, na tangu Juni ilianza kuanguka, leo mara mbili, kisha siku tano kimya, kisha mara moja, inajiwasha yenyewe baada ya dakika kumi, na ikianguka ofisi nzima inakatika.

Nilibadilisha nyaya, nikapangusa vumbi, nikaweka programu upya, wapi. Mkubwa wetu, Bwana Apajok, akanisimamisha mbele ya watu: "Shida ni nini? Nataka jibu, sitaki hadithi." Nami kwa kuwa sikuwa na jibu nikasema ni umeme wa jenereta, unacheza. Anayetunza jenereta ni Gatkuoth, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu wa makamo, naye akaniletea daftari ambamo huandika hali ya umeme kila saa, akaniambia, "Fundi, jenereta yangu hapana cheza. Soma hii." Nikaliweka dirishani bila kulifungua. Wiki iliyofuata aliondolewa, akapelekwa kulinda pampu ya kisima upande wa Lopur.

Siku mbili baadaye, Bwana Apajok akiwa Lodwar mkutanoni, fayawoli ikaanguka tena, na Gatkuoth hayupo. Ndipo nikalifungua lile daftari, nikalilinganisha na kumbukumbu za seva zinazoonyesha saa za kila anguko, nikakuta umeme ulikuwa sawa kila mara, kisha nikaziangalia zile saa zenyewe, nikaona ni saa zangu za kusoma. Mwezi huo wa Juni nilijiandikisha kwa mtihani wa mitandao, na bila kumwambia mtu nikaongeza kompyuta pepe ya tano ndani ya seva, ya mazoezi, nikawa naiwasha nikipata nafasi, nayo ikiwaka wakati zile nyingine zina kazi nyingi memori inaisha, na fayawoli ndiyo inayokosa pumzi. Niliiwasha makusudi nikaiona fayawoli ikianguka. Nikaifuta hiyo ya mazoezi.

Sasa ni siku kumi na tisa haijaanguka, na hapo ndipo nilipokwama, kwa kuwa Bwana Apajok amenisifu kwenye mkutano, akasema, "Mnaona? Tumemtoa Gatkuoth, tumepata amani," na watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu.

Kuna pia mama mmoja, Nyakuoth, aliyekuwa akihojiwa kwa video na maafisa walio Nairobi ili aungane na binti yake aliye ng'ambo, na mara mbili picha ilikatika akieleza jinsi mumewe alivyouawa. Mara ya pili aliniuliza, "Wamechoka na maneno yangu?" Nikamwambia sijui. Mara ya tatu hakuja.

Nikisema nitafukuzwa, na nyumbani Lokitaung wananitegemea. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nifanye nini?

Fundi, Kakuma


Fundi wa Kakuma,

Ejok. Jina lako sijalisoma, na ya wenzako nimeyabadilisha.

Kazi uliyoifanya mwisho ni nzuri: ulilinganisha saa, ukajaribu, ukathibitisha. Ungeifanya kabla ya kufungua mdomo, barua yako isingekuwa mezani kwangu. Naelewa woga wako, kuulizwa mbele ya watu swali usilolijua si mchezo. Lakini "bado natafuta" nalo ni jibu, na halimtoi mtu kazini. Wewe ulimchagua asiye na wa kumtetea. Eti hakuna atakayejua! Gatkuoth anajua tangu siku ya kwanza.

Nyakuoth umemweka mwisho, baada ya makofi. Mimi namweka mwanzo. Mama huyo anaamini wakubwa walimkatia simu kwa kuchoka na kifo cha mumewe. Leo, kabla ya chakula cha mchana, mchukue mkalimani uende kwake, umwambie, "Mama, hawakukata wao. Ni mimi." Usimweleze habari za memori. Kisha umwombee tarehe mpya.

Ukitoka hapo, ingia kwa Bwana Apajok na kumbukumbu zako zote, useme kabla hujakaribishwa kiti. Halafu panda boda boda hadi Lopur umwombe Gatkuoth radhi uso kwa uso. Kwa simu hapana. Na hiyo fayawoli, nimemuuliza fundi mmoja hapa Lodwar, Abdikafi, anasema itengewe memori yake isiyoguswa na mwingine, na mazoezi yako uyafanyie kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Wasikilizaji, haya nilimwambia kwa simu wiki iliyopita, na jana alinipigia. Nyakuoth alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza tu tarehe mpya ni lini. Ni Alhamisi. Bwana Apajok alimpa barua ya onyo na kumnyang'anya ufunguo wa chumba cha seva. Hakumfukuza. Gatkuoth alimwambia, "Mimi nimesikia. Sasa wale waliopiga makofi nao wasikie." Kuhusu kumrudisha kwenye jenereta, Bwana Apajok amesema wataangalia mwezi ujao.

Mwezi ujao ni mbali, fundi. Jumatatu kuna mkutano. Simama mwenyewe, useme yote mbele ya wote, na usiketi mpaka Bwana Apajok ataje siku.