Alichosema Jaji Kuhusu Kaka Yako

Wifi yangu mpendwa,

Huku tu wazima. Kitinda mimba wetu ameota meno mawili na ananing'ata kweli kweli.

Kesi niliyoishtaki serikali kwa kifo cha kaka yako ilisikilizwa juzi. Wakili wa serikali alirudia yale yale: kwamba alipindua lori la jeshi kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba ripoti ya ajali ni siri ya taifa, hata mahakama isiione.

Jaji akamwambia, "Kama ni siri nitajua nikishaisoma. Ilete."

Akaisoma peke yake ofisini, sisi tukimsubiri kwenye mabenchi. Aliporudi alisema siri ni ya kweli, haitatolewa. Kisha akamgeukia wakili: "Lakini kwa niliyoyasoma, neno uzembe usilitamke tena mbele yangu. Dereva huyu hakukosea. Kesi inaendelea."

Lile lori lilibeba nini, wifi, huenda nisijue mpaka naingia kaburini. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Mwambie baba. Najua tangu msiba hataki jina la mwanawe litajwe humo ndani. Mwambie taratibu, akishakula.

Ni mimi,
wifi yako