Moshi wa Machochwe

Machochwe, 3 Julai 1956

Mwanangu Kornelio,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Nairobi? Sisi hatujambo, ila magoti yananisumbua asubuhi. Mtama umeshaingia ghalani, na yule ndama wako sasa ni mtamba mwenye kiburi.

Ile ndege ndogo ya daktari imepata ajali hapa kiwanjani, nikiiona kwa macho yangu. Iligusa chini vizuri, lakini haikusimama. Ilipitiliza kiwanja chote ikaingia vichakani, pua ikachimba ardhi. Rubani amevunjika mkono, daktari amechubuka tu. Baba yako mdogo Marwa, mlinzi wa kiwanja, hali chakula kwa aibu.

Nawe unashika injini za vitu hivyo kila siku, na wakati mwingine unapanda! Nimeogopa, mwanangu. Acha kazi hiyo urudi. Jembe halianguki kutoka angani.

Mama yako,
Agustina

Nairobi, 22 Julai 1956

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima. Pole kwa magoti, jaribu kujipaka samli ya moto.

Mwambie baba mdogo ale. Hapa kwetu ndege ikiharibika hatuanzi kwa kutafuta wa kulaumiwa. Ukimtisha mtu ataficha alichokiona, na ajali ile ile itarudi. Tunauliza kwanza: injini ilingurumaje? Ng'ombe walikuwepo kiwanjani? Upepo ulitoka wapi?

Juzi nilipomaliza kufunga injini niliona bisibisi yangu haipo. Nikasema. Ndege ikazuiwa, abiria wakanuna, tukafungua tena kila kitu. Kumbe ilikuwa imeanguka nyuma ya sanduku langu! Nilidhani nafukuzwa, lakini fundi wangu mkubwa, Ouma, alininunulia chai.

Basi kabla hujaniita nyumbani nisaidie. Siku ile moshi wa jikoni kwako ulielekea upande gani?

Mwanao,
Kornelio

Machochwe, 9 Agosti 1956

Mwanangu,

Salamu nyingi za hapa nyumbani. Samli nimejipaka, sasa paka wananifuata kila niendako. U mzima?

Umeuliza moshi. Hapakuwa na moshi. Marwa alisikia kwamba safari hii anakuja daktari mkubwa, akapita boma kwa boma: "Zimeni mioto, tusimfukuze mgeni kama nyuki!" Hata mimi nilimwaga maji jikoni, ugali ukabaki mbichi. Si ndiyo heshima? Mgeni wako utamfukizia moshi? Upepo ulikuwepo, tena mkali. Kitambaa changu cha kichwa kiliruka kikaenda huko huko ndege ilikokuwa inakwenda.

Kina Veronika wanasema ni kisirani, kiwanja kimekatiza njia ya zamani ya ng'ombe. Wewe unasemaje? Na unarudi lini?

Mama yako,
Agustina

Nairobi, 30 Agosti 1956

Mama mpendwa,

Shikamoo tena. Natumaini magoti na paka wote hawajambo.

Umetuonyesha sababu. Ndege hutua ikiukabili upepo, ndipo upepo huisaidia kusimama. Siku ile upepo uliisukuma kutoka nyuma. Ouma alimwandikia rubani, naye amejibu kwamba siku zote alitazama moshi wa majiko yenu ili ajue upepo. Safari hii hakuona hata moshi mmoja, akakisia, akakosea. Si kisirani, mama, ni heshima yenu! Wala hamna kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Mwisho wa Septemba mimi na Ouma tunakuja kuitengeneza ndege ile, na tunakuja kwa ndege. Tutaleta mlingoti na mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo. Lakini siku hiyo mfuko utakuwa bado haujasimamishwa, na rubani wetu amesema asipoona moshi hatatua, atageuza.

Mama, kazi hii naipenda sana. Bila radhi yako siiwezi. Ukiniruhusu, washa moto. Usipowasha nitaelewa, nitakuja kwa basi nishike jembe, na sitanuna.

Mwanao,
Kornelio

Machochwe, 14 Oktoba 1956

Mwanangu Kornelio,

Mmefika salama? Umesahau sweta yako, nimeifua. Mfuko wenu unacheza vizuri mlingotini, ingawa mbuzi bado wanaukimbia. Marwa sasa anakula mpaka tunaficha sufuria. Akisikia lori tu, anawasha moto.

Ulipokuwa hapa watu walikuwa wengi, sikukuambia. Barua yako sikuwa nimemsomea mtu, na Marwa alikuwa amezimisha tena mioto ya wote kwa ajili ya wageni. Asubuhi ile nilikaa na kiberiti mkononi, naisikia ndege yenu inazunguka, nimejaa hofu. Nikasema, nikikaa kimya tu, mwanangu atakuwa wangu, hapa hapa. Ulisema hutanuna, lakini mimi ndiye niliyekuzaa, ungenuna. Nikawasha. Nikatia mavi makavu ya ng'ombe na majani mabichi juu, moshi ukapanda ukalalia upande wa mlima, nikalia. Watu walidhani ni moshi.

Kisha ukashuka, ukaenda kwanza kukagua magurudumu, ndipo ukaja kunisalimu mama yako! Nilikasirika kidogo. Baadaye nikafikiri, kumbe hivyo ndivyo anavyofika salama, nikafurahi moyoni, na mpaka leo nina furaha.

Kuni kavu ziko chini ya ghala, mvua haizifikii. Njoo siku yoyote. Hesabu bisibisi zako.

Mama yako,
Agustina