Pale Ngoma Inaponyamaza

Area D, Dodoma
4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limetulia. Mimi sijambo kabisa, kazi ya ofisini huku Mtumba inaendelea, majalada hayaishi. Vipi uwele, umeshatoa masuke?

Nina habari itakayokufurahisha. Karibu na ninapokaa kuna chuo kinachofundisha watu wazima jioni, mambo ya kujiburudisha tu. Hakuna mtihani, hakuna cheti, hakuna anayekuuliza uliishia darasa la ngapi. Wengine wanaoka keki, wengine wanafuma vitambaa. Ambokile, dereva wa ofisini kwetu, anajifunza kuchora. Mpaka sasa amechora ng'ombe tu, na ng'ombe wote wana sura yake.

Mimi nimejiandikisha kupiga ngoma ya muheme. Ndiyo mama, muheme, mimi Cecilia! Nikitoka kazini nakwenda moja kwa moja, nabana ngoma mapajani pamoja na wanawake wenzangu, tunaitwanga mpaka walinzi wanakuja kuchungulia. Mwalimu wetu ni Mama Dorkasi. Amenizidi miaka kumi hivi, lakini anatuita "wanangu" na sisi tunaitika.

Msalimie kaka Elisha na wifi Ruthu.

Mwanao,
Cecilia

*

Mpwapwa
15 Machi 2024

Mwanangu Cecilia,

Mbukwa. Marahaba. Goti lipo, linauma likitaka. Uwele umetoa masuke na ndege wameshaanza kuuonja. Elisha na mkewe hawajambo. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwenye neno la maana, mtandao wako unakata.

Habari yako nimeipata. Nimefurahi. Nimeandika hapa kwamba nimefurahi, usije ukasema sikufurahi. Ila nina maswali.

Ulipokuwa msichana wa darasa la saba nilikuwekea ngoma mapajani hapa hapa uani. Ulisema inachubua. Ulisema wenzako wa shule watakuona mshamba. Kila Jumamosi nikichukua ngoma, wewe ulikuwa kwa jirani yetu Hilda, umejificha nyuma ya ghala lake, na Hilda ananiambia hajakuona huku sketi yako inaonekana. Nikaacha kukuita. Sasa naambiwa umevuka milima yote hiyo ukaenda kujifunza kwa mtu baki, tena kwa kujiandikisha, mtu mzima mwenye akili zako.

Halafu huyo Mama Dorkasi. Una mama wangapi? Kwa hesabu yako mwenyewe ana umri wa kuwa dada yako. Amejifunzia wapi? Amepiga kwenye mavuno ya nani? Mimi niliongoza wanawake wa hapa miaka na miaka, na hakuna aliyeniita mwalimu.

Sijanuna. Nauliza tu.

Mama yako mzazi

*

Area D, Dodoma
28 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo tena, na pole na ndege. Mimi mzima, ila viganja vimeota sugu na nazionea fahari.

Mama, nilicheka niliposoma barua yako, kisha nikaacha kucheka. Umenuna.

Mama Dorkasi anatoka Mvumi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuhamishwahamishwa, basi alikulia sehemu nyingi, hata huko kwetu waliwahi kukaa mwaka mmoja. Anasema alijifunza kwa kuangalia, hakuna aliyemfundisha. Ni mpole. Mkono ukinigoma, anaweka wa kwake juu ya wangu, tunapiga pamoja mpaka wangu unakubali. Juzi alituletea mlenda wa karanga, na kwa kweli ulikuwa mtamu.

Umeniuliza kwa nini sikujifunza kwako. Nakwambia ukweli. Pale uani nilikuwa mtoto wa mpiga ngoma. Nikikosea, majirani walicheka, na wewe ulifunga macho hivi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Nilikuwa nayaona hayo macho. Huku kila mtu anakosea, mama. Tunakosea wote, tunacheka, tunaanza upya, na hakuna anayefunga macho.

Tarehe 22 Juni chuo kinakaribisha ndugu na jamaa kuona tulichojifunza. Naomba uje. Nataka ukae mbele kabisa.

Mwanao akupendaye,
Cecilia

*

Mpwapwa
20 Aprili 2024

Cecilia,

Sisi wazima.

Sitakuja. Goti.

Ile ngoma yangu nimempa Ruthu, mke wa kaka yako. Nilikuwa nimekutunzia, lakini naona wewe umeshapata ngoma nyingine na mama wa kukushika mkono. Ruthu hana sikio, anapiga kama anayefukuza mbuzi. Lakini angalau anapiga vibaya mbele yangu.

Na huo mlenda wa karanga, wa kwangu unaukumbuka ulivyo, au umeshasahau?

Mama yako, yule wa Mpwapwa

*

Area D, Dodoma
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini wote mko salama na mavuno yameingia ghalani.

Nimekaa muda wote huu bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza nililia, na sikutaka karatasi ikufikie na madoa ukasema najidekeza. Habari ya ngoma imenichoma. Sikuwahi kuiomba, najua. Lakini nilipokuwa napiga hizi za chuoni, moyoni nilikuwa najizoeza ile ya kwako. Nilitaka nije nayo siku moja nikiwa siaibishi. Sasa ni ya wifi Ruthu, na akichoka ataigeuza ya kuwekea unga.

Basi, goti ni goti, sitakulazimisha. Ila nimemtumia Hilda kwenye simu yake sauti tuliyoirekodi darasani. Anayeongoza ni mimi. Nenda ukasikilize, kisha uniambie ni vibaya, nitakubali, na unaweza kufunga macho maana sitakuwepo kuyaona.

Sikiliza hasa pale katikati. Ngoma inakwenda, inakwenda, mara inanyamaza kabisa, halafu inaingia tena kwa nguvu. Pale ndipo penye ugumu. Mwezi mzima tumekuwa tukipakosea, hakosi mmoja wa kujisahau akapiga peke yake wenzake wakiwa kimya. Nilimwambia Mama Dorkasi tuparuke, akakataa kabisa. Anasema akiwa binti alipanda ukuta wa kanisa siku ya kushukuru mavuno, akaona wanawake wanapiga hivyo, na kiongozi wao alikuwa akiinua mikono yote miwili akiipeleka nyuma, kisha anaishusha. Ndivyo anavyotufundisha, tuinue mikono na kuipeleka nyuma. Anasema ndiyo ibada yenyewe, ni heshima kwa waliotutangulia.

Mwanao,
Cecilia

*

Mpwapwa
9 Juni 2024

Mwanangu Cecilia,

Mbukwa, mwanangu. Mavuno yameingia. Goti nililisingizia.

Nilikwenda kwa Hilda nikiwa nimeshayapanga maneno yangu yote ya kukukosoa. Nikakaa kwenye kigoda, akawasha simu. Mwanzoni mkono wako wa kushoto ni mzito, nilijua tu. Kisha mkafika pale mnaponyamaza. Nikamwambia Hilda arudishe. Akarudisha. Nikacheka mpaka akadhani nimepatwa na kitu, na nilipomaliza kucheka nikalia.

Cecilia, pale hapana ibada yoyote. Waliotutangulia hawakuwahi kunyamaza hapo, walipiga moja kwa moja.

Mwaka ule wewe ulikuwa mgongoni mwangu, hujafikisha hata mwaka, mnene kama gunia, na kanga yangu ilikuwa kuukuu. Nikishaikoleza ngoma ulianza kuteleza. Kila tulipofika pale ilinibidi niiache ngoma mapajani, nipeleke mikono nyuma, nikupandishe. Wanawake waliokuwa nyuma yangu walikuwa wananifuata, basi na wao wakawa wananyamaza kunisubiri. Mavuno yaliyofuata ulikuwa unatembea, tukarudia kupiga kama zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau.

Kumbe kulikuwa na mtoto juu ya ukuta.

Usijidanganye kwamba wivu umeisha. Umeongezeka. Mimi nilikubeba, yeye ndiye aliyekumbuka. Yeye amekaa na kile kipande miaka yote hii akikifundisha watu, nami nimekaa na ngoma ukutani. Tena anapika mlenda.

Ngoma nimeichukua kwa Ruthu. Nilidhani atanuna, akanisindikiza mpaka mlangoni akiniimbia. Ijumaa ya tarehe 21 napanda basi la asubuhi nayo mapajani, unipokee stendi. Usimwambie mwalimu wako mimi ni nani. Nitamwambia mwenyewe, nikishaona anavyopiga. Na mlenda siku hiyo nitapika mimi.

Jumamosi utaongoza na ngoma yangu. Ukikosea nitakuangalia macho wazi, nimejizoeza kwa Ruthu. Pale pa kunyamaza msiparuke. Nyamazeni, inueni mikono, ipelekeni nyuma, kama anavyosema. Wengine wote wadhani wanavyodhani. Wewe ujue kwamba hapo ulikuwa unaanguka.

Mama yako,
aliyekupandisha