Riba ya Mwenyekiti Mika

Kikatiti, 6 Juni 2024

Binti yangu Catherine,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na vumbi la Dodoma halikusumbui kifua. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linamkataza mlima. Ng'ombe amezaa, dume tena.

Naandika kwa mkono na kumpa kondakta wa basi, kwa sababu mama yako akipokea simu huweka spika, na jambo hili sitaki alisikie. Mwezi wa nane kikundi chetu cha akiba kinachagua mwenyekiti. Miaka tisa nimekaa kwenye kiti kile bila mpinzani. Mwaka huu Prosper wa duka la mabati amejitokeza, anapita nyumba kwa nyumba akisema yeye akichaguliwa kila mtu atakopa bila kuulizwa maswali. Watu wanamkaribisha chai.

Nimeona nishushe riba kutoka asilimia kumi hadi mbili kabla ya siku ya kura. Tatizo ni mama yako. Sanduku lina kufuli tatu, na ufunguo wa tatu anao yeye. Anasema riba haishuki mpaka watu walipe mikopo ya mwaka jana. Wewe unafundisha uchumi chuoni. Niandikie maneno machache ya kitaalamu nimsomee.

Ni mimi baba yako,
Mika

*

Dodoma, 15 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kazi inaendelea. Mpe mama pole ya goti, umwambie apake ile dawa niliyomletea Pasaka badala ya kuitunza kabatini.

Maneno ya kitaalamu ninayo, Baba, lakini yote yako upande wa mama. Katika nchi nyingi, uchaguzi ukikaribia, wakubwa hutaka mikopo iwe rahisi. Watu hufurahi miezi michache, kura zinapigwa, halafu bei zinapanda. Ndiyo maana anayetunza fedha hutengwa na anayeomba kura. Mama haombi kura ya mtu yeyote. Ufunguo uko mahali pake.

Nisamehe, barua yako niliisoma darasani bila kutaja jina. Mwanafunzi mmoja, Oscar, aliuliza kama huyo mama mwenye ufunguo anaweza kualikwa aje kutufundisha.

Binti yako,
Catherine

*

Kikatiti, 3 Agosti 2024

Binti yangu Catherine,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima. Mahindi yamekauka vizuri, tumeanza kuvuna.

Kamati ilikaa ikaamua wenye funguo wawe wanabadilishana. Sasa ufunguo wa tatu anao Hans, binamu yangu, mtu msikivu. Mama yako aliutoa shingoni, akauweka mezani, akaingia jikoni. Hii ni wiki ya tatu tunakula makande.

Riba ni mbili. Watu walikuja mpaka wengine nikawa siwakumbuki. Alhamisi mbili tu za kukopesha, sanduku likawa jeupe, na bado kuna foleni. Mwezi wa kura huwezi kumwambia mtu arudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nikaenda stationari, nikatengeneza hati. Zimeandikwa: "Mwenye hati hii anakidai kikundi shilingi elfu kumi," na muhuri juu yake. Hans anasaini. Hans anasaini vizuri sana. Fransiska wa chapati anazipokea, na wauza ndizi wanazipokea. Fedha imeongezeka Kikatiti bila mtu kutoka jasho. Hilo nalo wasomee wanafunzi wako.

Baba yako,
Mika

*

Dodoma, 12 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini mmeshatoka kwenye makande.

Barua yako niliisoma darasani. Oscar akasema, "Mwalimu, huyu mzee amechapisha pesa." Ndivyo ilivyo, Baba. Kila hati ni ahadi, na sanduku halina cha kuitimizia. Umetoa ngapi? Naomba uache leo, siyo baada ya kura. Na zungumza na mama.

Binti yako,
Catherine

*

Kikatiti, 1 Septemba 2024

Binti yangu,

Salamu. Afya njema, mgongo kidogo tu.

Nimeshinda. Kura thelathini na moja kwa tisa. Walinibeba mpaka kwenye lami. Mama yako alipiga kura, ila hasemi kwa nani.

Kuna usumbufu mdogo. Fransiska alikuwa anauza chapati mia tano. Ukimpa hati anasema ni mia nane, na juzi amefika elfu moja na mia mbili. Nikaona huu ni ulanguzi, nikatangaza bei elekezi: chapati ni mia tano, kwa fedha au kwa hati. Amekubali bila ubishi. Sasa chapati yake inalingana na mfuniko wa chupa ya chai. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwenyekiti, ulitangaza bei, ukubwa hukuutaja." Prosper dukani kwake hati hazipokei kabisa. Hiyo ni siasa tu, ameshindwa na ana kinyongo.

Usiniulize tena idadi.

Baba yako,
Mika

*

Dodoma, 17 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Ni miezi miwili na nusu bila barua. Nikipiga simu mama anasema uko migombani. Nimepiga asubuhi, mchana na Jumapili wakati wa ibada, bado uko migombani. Unaumwa? Niambie ukweli, nitakuja.

Binti yako,
Catherine

*

Kikatiti, 29 Desemba 2024

Catherine mwanangu,

Siumwi. Nilikuwa migombani kweli, kwa sababu kule hakuna mtu mwenye hati.

Siku ya kugawana akiba tulikusanyika uwanja wa usharika, wote arobaini. Tukafungua kufuli tatu. Ndani mlikuwa na sarafu kidogo na mabunda ya hati zangu mwenyewe. Watu walikuwa wamelipa mikopo yao kwa hati, na Hans alizipokea zote, akasaini.

Akasimama Sia, yule mjane wa karibu na mto. Miaka miwili anaweka akiba ya mabati, maana nyumba yake inavuja mpaka kitandani. Nikampa hati, sikuwa na kingine. Akaigeuza huku na huku. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, hii nikiipigilia juu ya paa, itazuia mvua?"

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangenipiga.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta mama yako anakamua. Nikamwambia, "Tabea, naomba uchukue ufunguo." Hakugeuka. Alikamua mpaka ndoo ikajaa, ndipo akasema masharti. Riba iwe kumi na mbili mpaka hati ziishe. Iandikwe kwamba mwenyekiti hamwondoi mwenye ufunguo kabla ya muda wake. Mimi na Hans tulipwe mwisho. Nikasema sawa. Akasema, "Bado moja. Watu uwaambie mwenyewe kwa nini ulifanya."

Alhamisi nilisimama mbele yao. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tatu kuhusu hali ya uchumi wa dunia. Mama yako alikuwa ananitazama. Nikaikunja, nikasema, "Nilitaka kura zenu." Maneno matatu tu, lakini jasho lilinitoka kama nimebeba magunia.

Yule dume nimemuuza. Fedha yake amepewa Sia.

Baba yako,
Mika

*

Dodoma, 10 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Oscar ameniuliza mara tatu kama kuna barua mpya. Nimemwambia hakuna. Hii sikuisoma darasani. Hii ni yangu.

Mpe mama salamu, umwambie ninajivunia wazazi wangu, wote wawili.

Binti yako,
Catherine

*

Kikatiti, 9 Machi 2025

Binti yangu mpendwa,

Tunamshukuru Mungu, wazima wote. Goti la mama yako limepona. Dawa ilikuwa kabatini kweli.

Riba ya kumi na mbili watu wanaichukia, na salamu zangu barabarani zimepungua. Nilitaka kujiuzulu. Nikamwendea Prosper nikamwambia kiti hiki hapa. Akasema mwaka huu ana shughuli nyingi dukani. Hakuna anayetaka kuwa mtu wa kutangaza riba hiyo, kwa hiyo bado mimi ndiye mwenyekiti. Kila Alhamisi mama yako anahesabu hati zilizorudi, tunazichoma kwenye karai. Zimebaki chache. Na Sia ameezeka.

Sasa mvua zinakaribia na mimi sina mbegu wala mbolea. Alhamisi iliyopita nikapanga foleni kama wengine, nikaomba mkopo. Mama yako akanitazama kana kwamba hatujawahi kuonana.

"Mdhamini wako nani?"

Hans akanyoosha mkono. Mama yako akasema, "Saini ya Hans mwaka huu haitumiki."

Nikabaki nimesimama. Watu wakatazama chini, wengine wakatafuta simu zao mifukoni. Watu thelathini na moja walionipigia kura walikuwa pale. Nikaanza kurudi kwenye benchi.

Ndipo Sia akasema kutoka nyuma, "Nitamdhamini mimi. Ila kwa nusu ya alichoomba."

Nilipanda juzi, binti yangu. Nusu shamba.

Baba yako,
Mika