Mbegu za Wifi Salome

Jumatatu, 8 Januari

Nimepalilia mihogo. Mgongo unauma. Mbegu yangu ya mahindi imeliwa yote na dumuzi, imebaki unga. Nilichelewa kuitundika juu ya moshi. Wifi Salome, dada wa marehemu mume wangu, kanicheka mpaka kakohoa. "Mvivu wewe. Sijui kaka yangu alioa nini." Yake inaning'inia juu ya jiko, nyeusi tii, mdudu haigusi. Kasema tutagawana nusu kwa nusu. Nimempelekea kisamvu.

Alhamisi, 11 Januari

Mvua haikati. Mto Mkondoa una sauti mbaya. Binti yangu Neema kapiga simu kutoka Mikumi, anataka nihamie kwake. Nimekataa. Nikienda, Salome atagombana na nani?

Ijumaa, 12 Januari

Maji yameingia asubuhi. Tulikimbilia kwenye tuta la reli. Salome nilimshika mkono mwenyewe. Tukafika. Akasema, "Mbegu." Akageuka. Nikamwita, akanipungia mkono kama mtu anayekwenda dukani. Nyumba ikamwangukia akiwa ndani.

Sina machozi. Nina hasira.

Jumapili, 14 Januari

Tumemzika. Mwinjilisti kasema pale kaburini kwamba mafuriko ni fimbo ya Mungu, na kwamba Salome aligeuka nyuma kwa kupenda mali, kama mke wa Lutu. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia.

Ndipo akapita mbele Mama Masanja, Msukuma, mtani wetu. Akaliinamia kaburi. "Salome, mchoyo we. Umeondoka na mbegu, sisi tule mawe? Huko mbinguni nako umepewa shamba? Hebu toka utugawie kwanza." Watu wakacheka. Nikacheka. Kicheko kikageuka kilio, nikashindwa kukizuia.

Jumanne, 16 Januari

Kisomo cha watu wazima cha kanisani kilinipa herufi. Maneno ya leo hakikunipa.

Nimejiuliza, mimi ningerudi kuchukua nini? Sufuria? Kanga? Hakuna. Salome je, ningemrudia? Sikumrudia. Nilibaki tutani.

Hakuna mtu aliyenitukana wiki hii. Nyumba imepoa.

Jumatano, 17 Januari

Nimekwenda kwa mwinjilisti. Kaniamkia shikamoo, nimeitikia marahaba, sikukaa. Nimemwambia nusu ya mbegu ile ilikuwa yangu. Salome alirudi kwa ajili ya mashamba mawili, moja langu. Mke wa Lutu alikuwa anamtafutia nani chakula? Na kama mto ni fimbo, mbona umemchapa aliyekuwa anagawa, ukaniacha mimi niliyezembea?

Kasema, "Bibi, sijui."

Kijana wa watu. Leo nimempenda.

Jumapili, 21 Januari

Kanisani sakafu bado ina tope. Mwinjilisti kasimama, kamtaja Salome kwa jina. Kasema alimkosea pale kaburini. Kasema mama yule alirudi kwa ajili ya jirani yake. Habari za mto hakueleza. Sikutaka aeleze. Nami Mungu sijamwelewa. Nimemwambia hivyo hivyo, wazi, na sijanyanyuka kuondoka.

Tukaimba. Kushoto kwangu, mahali pa Salome, palikuwa wazi. Binti mmoja akataka kukaa. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Akasimama mpaka wimbo ukaisha.

Nikasogeza kitenge changu. Akakaa.